Tafakari ya juma: Mkono usioogopesha

Wapendwa wanaparokia na wasomaji wetu, juma hili tunaomba ruhusa ya kuzungumzia jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona dogo mno kwa ukurasa huu, nalo ni kumwogesha mbwa. Tena si mbwa yeyote, bali yule mwenye hofu. Yule ambaye akiona ndoo na kamba hujificha nyuma ya ghala, na akishikwa kwa nguvu huuma. Tunalizungumzia kwa sababu limetupata wenyewe, na kwa sababu tumeona kwamba nyuma ya udogo wake kuna jambo kubwa linalogusa uhai wa watoto wetu na namna tunavyoishi majumbani mwetu.

Hatuna budi kuanza kwa kuungama. Nyumbani kwetu, hapa Manyamanyama, tuna mbwa mlinzi aitwaye Simba. Jina hilo ni kubwa kuliko moyo wake. Aliletwa kwetu akiwa tayari mkubwa, wala hatukujua huko alikotoka alipigwa mara ngapi. Jumamosi moja ya kiangazi, kupe walipokuwa wamemjaa masikioni na katikati ya vidole, tuliamua kwamba lazima aoge. Tukamkamata watu wazima watatu: mmoja alivuta kamba ya shingoni, mwingine alishika miguu ya nyuma, na wa tatu alimwagia ndoo nzima ya maji baridi kichwani kwa mkupuo mmoja. Simba alijikunyata, akalia, kisha akanguruma. Tukamkemea anyamaze. Akanyamaza. Mara akamwuma mkono kijana anayetusaidia kazi za nyumbani.

Hapo ndipo tulipokumbuka kwamba Simba hakuwa amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Siku ya chanjo ilikuwa imetangazwa, nasi tuliisikia. Lakini hatukumpeleka, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumfunga kamba na kumwongoza njiani. Kijana yule aliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa robo saa, tukampeleka kwa waganga siku hiyohiyo, akaanza kuchomwa sindano kwa tarehe alizopangiwa. Simba tulimtenga na kumwangalia kwa siku 10. Hakuugua, tukamshukuru Mungu. Lakini katika siku hizo 10 hatukulala vizuri, na kila tulipomtazama kijana mkono wake umefungwa bandeji tulijiuliza: kosa ni la nani? Ni la mbwa aliyeogopa, au letu sisi tuliomwogopesha?

Tulimsimulia mkasa huo mzee mmoja mfugaji, jirani yetu. Alisikiliza hadi mwisho, akacheka kidogo, kisha akasema: “Padri, ninyi mlianza na maji. Mngeanza na mkono.” Maneno hayo ndiyo tafakari yetu ya leo.

Kanisa linaye mtakatifu ambaye angemwelewa vyema mzee yule. Ni Mtakatifu Filipo Neri, padri wa Roma aliyezaliwa mwaka 1515 na kufariki mwaka 1595, ambaye sikukuu yake huadhimishwa tarehe 26 Mei. Masimulizi ya maisha yake yanaeleza juu ya mbwa aliyeitwa Capriccio, aliyekuwa wa nyumba ya kardinali mmoja, lakini akampenda Filipo hata akakataa kurudi kwa bwana wake. Filipo aliwapa vijana waliokuja kuungama kwake, wengi wao wakiwa watoto wa watu wakubwa, kazi ya kumwogesha mbwa huyo, kumchana manyoya na kumtembeza barabarani mbele ya macho ya watu. Alitaka kuwavunja kiburi. Nasi tunaongeza kwamba kazi ile yafaa kweli kwa shabaha hiyo, kwa maana hakuna awezaye kumwogesha mbwa vizuri akiwa na haraka, hasira au majivuno. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2416, inapotukumbusha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu na kwamba tunawiwa wema kwao, inawataja watakatifu wawili kwa upole wao: Fransisko wa Asizi na huyu Filipo Neri.

Basi, mkono huanzaje? Tueleze kwa mpangilio yale tuliyofundishwa na mzee, pamoja na yale tuliyoyathibitisha kwa wataalamu wa mifugo na kwa uzoefu wetu wenyewe.

Kwanza, tujifunze kumsoma mbwa. Mbwa mwenye hofu husema mapema, ila sisi hatusikii. Hugeuza uso pembeni, hulamba midomo ingawa hakuna chakula, hupiga miayo ingawa hana usingizi, hukunja mkia kati ya miguu, hulaza masikio nyuma, na weupe wa macho yake huonekana. Baadaye mwili hukakamaa. Kisha hunguruma. Wengi wetu hudhani kunguruma ni ukaidi unaostahili fimbo. Kumbe kunguruma ni onyo, na onyo ni hisani. Mbwa aliyepigwa kwa sababu ya kunguruma hajifunzi kutokuogopa. Hujifunza kutokuonya, na siku nyingine huuma bila kutanguliza sauti. Ndivyo tulivyomfanyia Simba: tulimnyamazisha, kisha tukashangaa kuumwa ghafla.

Pili, tusianze na maji. Kwa siku kadhaa kaeni chini karibu na mbwa, kwa ubavu, bila kumkazia macho, mkiwa na dagaa wachache wakavu mkononi. Mwacheni aje mwenyewe. Akija, mpeni dagaa mmoja, mguseni bega au kifua kwa muda mfupi, kisha ondoeni mkono kabla hajachoka nao. Kichwa na makucha viacheni kwanza, kwa maana hapo ndipo hofu ilipo. Mkono uondokao kabla ya kuchosha hukaribishwa tena kesho. Siku zifuatazo mguso urefuke: bega, mgongo, sikio, mguu, hatimaye kidole kimoja kimoja. Kila sehemu mpya ije na dagaa wake. Sisi kwa Simba ilituchukua majuma matatu. Huenda kwenu ikawa siku nne, au miezi miwili. Kipimo ni mbwa, wala si kalenda.

Tatu, vifaa vyenyewe vizoeleke. Ndoo iwekwe mahali anapolia chakula chake, tupu, aizunguke na kuinusa. Kitambaa kilicholoweshwa kipitishwe mgongoni siku ambayo hakuna kuoga. Kamba ifungwe kwa ulegevu akiwa anakula, kisha ifunguliwe, ili asijue kamba kuwa ni mwanzo wa mateso tu.

Nne, ikifika siku yenyewe, mchagueni mtu mmoja anayeaminiwa na mbwa, naye ndiye aongoze. Wengine wakae mbali. Mbwa apelekwe kwanza matembezini ili nguvu za wasiwasi zipungue. Maji yawekwe juani hadi yapoteze ubaridi. Chini ya miguu yake mtandike gunia, kwa sababu mbwa anayeteleza huogopa hata kama hajaguswa. Maji yaanzie miguuni na kupanda taratibu kwa kopo, si kwa ndoo. Kichwa kiwe cha mwisho, nacho kifutwe kwa kitambaa. Maji yasiingie masikioni. Sauti yenu iwe ya chini na ya namna moja. Akikakamaa, simameni, akijinyoosha tena, endeleeni. Akizidi kuogopa, malizieni kwa jambo dogo analoliweza, mpeni dagaa, mwacheni. Nusu ya mbwa iliyooshwa kwa amani yafaa kuliko mbwa mzima aliyeoshwa kwa vita, kwa maana yule wa amani atarudi juma lijalo.

Tano, kupe. Huyu ndiye adui wa kweli wa mbwa wa kwetu, maana hunyonya damu na huambukiza magonjwa yanayoweza kumwua. Kupe ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe kwa mkono mtulivu bila kuzungushwa, wala asipasuliwe kwa vidole. Msimchome kwa moto, wala msimpake mafuta ya taa. Tunasema hivi kwa uchungu, kwani tumewaona mbwa wakipakwa mafuta ya taa au oili chafu ya magari mwili mzima, na wengine wakiogeshwa dawa ya josho kwa kipimo cha ng'ombe. Mafuta hayo huunguza ngozi, na mbwa anayejilamba huyameza. Dawa ya ng'ombe kwa kipimo kisicho chake yaweza kumpa mbwa sumu. Mwulizeni kwanza mtaalamu wa mifugo ni dawa ipi na kiasi gani. Zaidi ya hayo, mbwa aliyeunguzwa mara moja na mkono wa binadamu hukumbuka mkono huo kwa muda mrefu, nanyi mtaanza upya kabisa.

Sita, kwa mbwa aliyewahi kuuma, msijaribu ushujaa. Kitambaa laini chaweza kufungwa mdomoni kwa dakika chache wakati wa kutibiwa jeraha, lakini si wakati wa joto kali, wala si kwa muda mrefu, kwa sababu mbwa hupoza mwili wake kwa kuhema mdomo wazi. Na kama hofu inatoka kwenye maumivu, kwa mfano sikio lililooza au kidonda kilichofichwa na manyoya, dagaa hawatatosha. Aitwe daktari wa mifugo.

Hadi hapa tunajua kuna msomaji anayetikisa kichwa. Tunaweza kuzisikia hoja zake mbili, nazo si za kupuuzwa.

Hoja ya kwanza husema: mbwa akizoeshwa upole hatalinda. Sisi tunaishi mahali ambapo fisi hupita usiku na ng'ombe ni akiba ya nyumba. Tunahitaji mbwa mkali. Tunajibu kwamba ukali na woga ni vitu viwili tofauti. Mbwa mwenye woga huuma kilicho karibu, na kilicho karibu mara nyingi ni mtoto wa nyumba. Mbwa anayewaamini watu wake hujua nani ni wa kwake, na kwa hiyo humjua mgeni. Wahenga walisema: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mithali hiyo yatuambia kwamba mbwa huchukua tabia ya bwana wake. Je, tungependa mbwa wetu atangaze tabia gani ya nyumba yetu?

Hoja ya pili ni nzito zaidi: Padri, watu hawana ada za shule wala dawa, nawe watuhubiria kuogesha mbwa? Hoja hii Kanisa lenyewe linaijua. Katekisimu, namba 2418, yasema mambo mawili kwa pumzi moja: kuwatesa wanyama bila sababu ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu, na pia haifai kutumia kwa ajili yao fedha ambazo kwanza zingepaswa kupunguza taabu za watu. Tunakubali yote mawili. Lakini tazameni tulichokitaja: gunia, kopo, maji ya jua, dagaa wachache, na saa moja ya subira. Hakuna mtoto atakayekosa ada kwa ajili hiyo. Kinyume chake, kijana wetu aliyeumwa alihitaji safari, sindano na siku za kazi zilizopotea. Ukatili wetu wa dakika 10 ndio uliotugharimu fedha.

Na hapa tunafikia kiini cha jambo. Kichaa cha mbwa huua takriban watu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na katika visa karibu vyote, yaani 99 kwa kila 100, virusi huletwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa mgonjwa, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba takriban 40 kwa kila 100 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Hata hivyo, ugonjwa huu wazuilika: mbwa wapatao 70 kwa kila 100 wa eneo wakichanjwa na chanjo ikarudiwa, mnyororo wake hukatika.

Sisi wa mkoa wa Mara tuna sababu ya ziada ya kulijua hili. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, uitwao distempa, uliingia Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba wa huko, karibu simba 1,000. Watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Tangu hapo wataalamu wamewachanja mbwa wa vijiji hivyo kwa maelfu, dhidi ya distempa na dhidi ya kichaa cha mbwa. Mbwa wa uani kwetu, tunayemwona si kitu, ameunganika na simba wa mbugani na mtoto wa jirani kwa uzi mmoja. Baba Mtakatifu Fransisko aliandika mwaka 2015, katika waraka wa Laudato si', kwamba viumbe vyote vimeunganika. Hapa kwetu si fumbo, ni habari ya kata.

Lakini chanjo haimfuati mbwa mafichoni. Lazima mbwa aletwe, asimame, ashikwe begani, avumilie sindano moja. Nani atamleta mbwa asiyejua mkono ila kwa kipigo? Tumewaona watoto siku ya chanjo wakiburuzwa na mbwa wenye hofu, na wengine wakirudi nyumbani na kamba tupu. Aliyemzoesha mbwa wake kuogeshwa kwa amani amekwisha kumwandaa kwa sindano. Asiyemgusa kamwe kwa kuhofia usumbufu, na akumbuke usemi wa wazee: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Upole tunaouhimiza si kumwacha mbwa na kupe wake. Ni kumhudumia hadi mwisho, kwa njia anayoweza kuistahimili.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu. Wazazi, msiwaachie watoto wadogo peke yao kazi ya kumwogesha mbwa mwenye hofu. Ifanyeni mbele yao, waone mkono wa mtu mzima unavyongoja. Mtoto aliyemwona baba yake akisimama kwa sababu mbwa anatetemeka, amejifunza jambo ambalo atalihitaji siku atakapokuwa na mke na watoto. Walezi wa Utoto Mtakatifu, wafundisheni watoto dalili za hofu tulizozitaja, na wajue kwamba akiumwa na mbwa yeyote ni kuosha jeraha kwa sabuni robo saa, kusema kwa mkubwa bila kuficha, na kwenda kwa waganga siku ileile. Nanyi viongozi wa jumuiya ndogondogo, siku ya chanjo ikitangazwa, itangazeni pia katika sala ya jumuiya, majuma mawili kabla, ili watu wapate muda wa kuwazoesha mbwa wao kamba. Wenye watoto wa mbwa waanze leo: samaki mkunje angali mbichi.

Tunamaliza na mbwa wa Biblia. Katika Kitabu cha Tobiti, kijana Tobia anaposafiri pamoja na malaika Rafaeli, mbwa anawafuata (sura ya 6); na safari inapokwisha, mbwa yupo, anarudi nao nyumbani (sura ya 11). Hafanyi muujiza wowote. Ameandikwa tu kwamba alikwenda pamoja nao. Tumejiuliza mara nyingi kwa nini ametajwa. Pengine ni kwa sababu mbwa hufuata kwa hiari tu pale ambapo mkono hauogopeshi, na nyumba ya Tobiti ilikuwa nyumba ya namna hiyo: nyumba iliyozika wafu waliotupwa na kugawa mkate kwa wenye njaa, ilikuwa na nafasi hata kwa huyu.

Simba wetu sasa amechanjwa. Jumamosi iliyopita aliogeshwa na kijana yuleyule aliyemwuma, ambaye alitaka mwenyewe kazi hiyo. Masikio bado hayapendi kuguswa, nasi tunayaacha kwa juma lingine. Alipoona ndoo hakukimbia. Alisimama mbali kidogo, akatazama, akaja juu ya gunia.

Mungu atujalie mikono ambayo walio dhaifu kuliko sisi wanaweza kuisogelea bila hofu. Mbarikiwe nyote katika juma hili.

Tumsifu Yesu Kristo!